Upande wa Nyuma wa Kioo

Nyinyi vijana mliobaki maabara mmenisumbua tangu siku ile ya keki ya kuniaga nikistaafu: "Madam, tuandikie kitu." Haya, naandika. Msitafute humu habari za vyeo na mishahara. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mshahara mnaujua, kwa sababu ni huo huo wenu ukiwa mdogo zaidi. Nitawaeleza siku ya kwanza, mtu aliyenifundisha, na wiki moja ya miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili ambayo hadi leo sijaisahau.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka kuwa fundi wa maabara ya fizikia katika shule ya wasichana, na nilidhani mtu akiajiriwa Upper Hill, kwenye mabenki na hospitali, lazima afanane na mtaa. Kumbe maabara yenyewe iko nyuma ya jengo la ofisi, chini kabisa, mahali ambapo watu wengine huweka jenereta. Mzee mmoja mwembamba, sweta ya kijani, sigara nyuma ya sikio, alinitazama kuanzia kichwani akashuka mpaka kwenye visigino, akakwama hapo.

"Hivyo viatu vitatetemesha meza yangu," akasema. "Vua."

Nikafanya kazi kutwa nzima na soksi. Huyo ndiye Bwana Kanti, fundi mkuu wa vifaa, mtoto wa muuza miwani wa Ngara. Mpaka anastaafu sikujua kama ile ya meza ilikuwa kweli au alikuwa ananipima mimi.

Wageni walipouliza tunafanya kazi gani, Kanti alikuwa na jibu moja: "Tunapiga vitu, halafu tunaviuliza vimesikia aje." Na kweli ndiyo hivyo. Tulikuwa na bomba refu la chuma, nyuma yake tangi la hewa iliyoshindiliwa, na ndani ya bomba gololi ya chuma. Ukifungua vali, gololi inatoka kwa kasi ya risasi na kugonga chochote ulichofunga ndani ya sanduku la mbele: kofia ya mwendesha pikipiki, kioo cha gari, bamba la fulana ya askari ya kuzuia risasi. Kugonga kwenyewe kunaisha kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo jicho halina kazi hapo. Kazi ni ya leza. Unaelekeza doa jekundu kwenye mgongo wa kitu kinachopigwa, mwanga unarudi kwenye chombo, na mgongo huo ukisogea hata chini ya unene wa unywele, mwanga unaorudi unabadilika. Chombo kinayasoma hayo mabadiliko na kuchora mstari kwenye kompyuta. Mstari ukipanda kisha ukainama, mgongo ulisukumwa ukavutwa ukarudi, kitu kimejishika. Mstari ukipanda ukakaa huko huko juu, kuna kipande kimeng'oka na kimekwenda zake.

Mnashangaa kwa nini nakazania mgongo. Ni kwa sababu watu wengi hudhani kioo cha kuzuia risasi kikizuia risasi kimemaliza kazi. Wapi! Risasi inaweza kukwama mbele, kioo kikabaki kimesimama wima, na bado vipande vya upande wa nyuma vikaruka na kumpata usoni keshia wa benki aliyekaa pale akidhani yuko salama. Ndiyo maana nyuma ya kila kioo tulitandaza karatasi nyeupe nyembamba, yenye tundu la kupitisha leza, na tukaiita shahidi. Shahidi akitoka bila kutoboka, keshia ni mzima. Akitoka amechanika, basi.

Sasa, kioo ni kitu kisafi, na mwanga wa leza hupita tu bila salamu. Lazima ukipe kitu cha kuurudisha. Kulikuwa na karatasi maalumu ya kung'aa iliyoagizwa ng'ambo, lakini ikifika bandarini inakaa huko mpaka mnasahau mliiagizia nini. Kanti hakuwa mtu wa kungoja bandari. Alivuta sigara kama anayelipwa kwa kazi hiyo, na ndani ya kila pakiti mna karatasi ya fedha. Alikuwa akiibandua ile karatasi nyeupe iliyoshikana nayo taratibu kwa mvuke wa birika la chai, akabaki na ule utando wa fedha, akaubandika mgongoni mwa kioo kwa gundi ile kali ya kuchanganya mirija miwili. Leza ilirudi ikiwa na nguvu ajabu. Wageni kutoka vyuo vikubwa walikuja wakaona, wakacheka, kisha wakaomba pakiti tupu waende nazo.

Mwanzoni kipande kilikuwa kidogo kama ukucha. Lakini bomba letu lilikuwa la zamani na gololi haikupiga katikati kila mara, na ukikosa pale palipo na fedha unapoteza kioo cha watu bure. Basi kipande kikawa kikubwa kidogo. Halafu viwili. Halafu tukawa tunafunika mgongo wote, karatasi kando ya karatasi, gundi kila mahali, na mimi nilikuwa hodari sana wa kuzipanga zisipishane. Hakuna siku tulikaa tukaamua. Ilikuwa ndiyo njia yetu, na tuliipenda kwa sababu mistari ilitoka mizuri.

Wakati huo nilikuwa nakaa Kileleshwa na mdogo wangu Nyambura, kwenye nyumba ya ghorofa yenye maji siku yanapotaka yenyewe. Nyambura alikuwa keshia katika benki moja katikati ya mji. Miaka ile majambazi walikuwa wameyazoea mabenki, na benki yake ikaamua kuweka vioo vipya kwenye kaunta za matawi yote ya mjini. Aliyepewa kazi ni Bwana Gurdip, mwenye karakana ya vioo kule Ngara, rafiki wa Kanti tangu wakiwa shule. Wawili hao walikuwa wanagombana kuhusu kriketi kila Jumatatu kwa simu ya ofisi. Gurdip alituletea vioo, tukavibandika fedha zetu, tukavipiga. Mstari ulipanda ukainama vizuri, shahidi akatoka msafi. Kanti akampigia simu papo hapo. Vioo vikawekwa, na Nyambura akarudi nyumbani akiringa.

"Sasa hata waje na mzinga," akasema.

"Nimekipima mimi mwenyewe," nikamwambia, na mimi nikaringa.

Miezi ikapita. Halafu Kanti akaanza kukohoa. Akavuka barabara kwenda hospitali, na daktari akamwambia achague kati ya sigara na mapafu. Akachagua mapafu, kwa shingo upande. Tulimpongeza wote. Hakuna aliyekumbuka kwamba kiwanda chetu cha karatasi ya fedha kimefungwa siku hiyo hiyo, mpaka Alhamisi moja mwisho wa mwezi nilipofungua droo nikakuta pakiti moja tu, ya kutosha kioo kimoja.

"Tutumie rangi," Kanti akasema. "Rangi ya fedha, tone moja katikati. Bomba siku hizi linapiga pazuri." Kweli tulikuwa tumelibadilisha. Lakini kabla ya kutumia rangi kwenye kazi ya mteja, alitaka tuijaribu kwenye kitu ambacho tayari tunakijua tabia yake. Kwenye rafu kulikuwa na vioo vya Gurdip vilivyobaki. Nikachukua kimoja, nikakidondoshea tone la rangi mgongoni, likakauka, tukafunga, tukapiga.

Mstari ulipanda ukakaa huko juu.

Nilidhani ni rangi imebanduka peke yake. Nikafungua sanduku. Shahidi alikuwa vipande vipande, matambara matupu, na chini mmejaa vigae virefu vyembamba vyenye ncha. Kanti alichuchumaa akakiokota kimoja, akakigeuza mwangani. Tukaangalia kasi ya gololi: ile ile ya siku zote. Tukachukua kioo kingine, tukakibandika ile pakiti ya mwisho mgongo mzima kama desturi. Tukapiga. Mstari ukainama vizuri, shahidi msafi. Tukarudia na tone la rangi. Matambara.

"Wairimu," Kanti akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "hatukuwa tunapima kioo. Tulikuwa tunapima kioo na gundi yetu."

Haki ya Mungu! Fedha yetu na ile gundi kali ndizo zilizokuwa zimeshika vipande visiruke. Kioo cha Gurdip kilizuia risasi, lakini mgongo wake ulikuwa unamwagika, na sisi tulikuwa tumeufunga bandeji kabla ya kuuliza kama unauma. Na vioo hivyo, bila gundi yetu, bila fedha, vilikuwa kwenye kaunta mjini muda huo huo, na nyuma ya kimoja alikuwa amekaa Nyambura anahesabia watu pesa.

Kanti hakungoja hata kuvaa koti. Alimweleza mkurugenzi wetu, Daktari Barasa, akiwa amesimama mlangoni, kisha akaniambia nimfuate Ngara. Gurdip alitupokea karakanani akiwa na penseli sikioni na furaha usoni. Kanti akamwambia yote bila kuzunguka.

"Wewe Kanti!" Gurdip akapiga meza. "Si wewe ulinipigia simu? Si uliniambia, 'Gurdip, kioo yako ni safi, wewe lala'? Sasa unakuja kuniamsha?"

"Ndiyo. Nimekuja kukuamsha."

"Umenimaliza. Hii mji itasema mimi nauzia watu takataka."

"Mimi ndiye nitakayesema, na nitasema makosa ni ya maabara. Lakini kwanza wale watoto wa kaunta watoke kwenye hatari."

Gurdip alimgeuzia mgongo akakaa hivyo, mabega yanapanda na kushuka. Vijana wa karakana walikuwa wameacha kukata, wanatutazama. Halafu akasema bila kugeuka, "Hiyo takataka yako ya sigara. Ndiyo ilishika vipande?"

"Hiyo na gundi."

"Basi si tubandike kitu hapo nyuma?"

"Keshia ataona mteja namna gani kupitia pakiti ya sigara?"

"Wewe ni mjinga tangu darasa la tatu," Gurdip akasema, akapanda ngazi, akashusha kutoka rafu ya juu roli ya plastiki angavu, ile nzito yenye gundi upande mmoja ambayo alikuwa akiwabandikia wenye maduka vioo vyao visimwagike vikivunjwa. Nilitamani kumbusu, ndevu na vyote.

Tulirudi Upper Hill na kipande cha ile plastiki, tukakibandika kwenye kioo, tone la rangi juu yake, tukapiga. Mstari ukapanda, ukainama. Shahidi msafi. Na safari hii tulijua ni nini tumepima, kwa sababu hiyo plastiki ingebaki pale kaunta, si kama fedha yetu iliyokuwa inabaki kwetu tu.

Daktari Barasa akapiga simu benki. Wakubwa wa huko hawakubisha, lakini walisema mambo mawili. La kwanza: plastiki itawekwa Jumamosi mchana matawi yakifungwa, kwa sababu roli ya Gurdip haikutosha na kesho yake ilikuwa Ijumaa ya mishahara, huwezi kufunga kaunta zote siku hiyo bila mji mzima kuuliza kwa nini. La pili: mtu yeyote asiambiwe, hata keshia. Neno likitoka kwamba vioo vile ni vibovu, majambazi hawatangoja Jumamosi.

"Wairimu, wewe dada yako yuko huko," Daktari akasema. "Najua. Lakini ukimwambia yeye, atamwambia anayekaa karibu naye. Wewe ungekuwa yeye, usingemwambia?"

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

Asubuhi ya Ijumaa nilimwomba Nyambura ajifanye mgonjwa. "Mwisho wa mwezi?" akasema, anapaka mafuta mkononi. "Nani atakaa kaunta, wewe?" Akachukua mkoba akaenda. Nilibaki nimesimama jikoni na kikombe. Nilimpigia Kanti nikamwambia siji. Akasema, "Najua," akakata simu.

Nikaenda benki, nikajiunga na foleni ya dirisha lake. Sikuwa na mpango wowote, msinitafutie akili hapo. Nilichojua ni kwamba siwezi kuwa mahali pengine. Nilipofika mbele nikatoa noti.

"Nataka chenji."

Nyambura akanipa, amekunja uso. Nikarudi mwisho wa foleni. Nilipofika tena nikauliza salio. Mara nyingine nikataka chenji ndogo zaidi.

"Wewe Wairimu," akanong'ona kwenye vile vitundu vya kusemea, "una shida gani leo? Meneja anakutazama."

"Wacha anitazame."

Soja, yule mlinzi wa mlangoni, naye alikuwa ameanza kunizungukazunguka. "Madam, hebu kando kidogo. Unangoja nani?"

"Nangoja dada yangu."

"Anatoka jioni."

"Basi nangoja jioni."

Akaomba kuona ndani ya mkoba wangu. Akapekua, akakuta leso, ndizi na chenji nyingi. Alinirudishia akiwa amechanganyikiwa kuliko mwanzo, na kutoka hapo akawa anasimama pale ninaposimama. Kwa hiyo kutwa nzima soja wa benki alinilinda mimi, nami nikamlinda Nyambura. Mlango uliachiwa Mungu.

Mchana akaingia mzee mmoja mrefu, koti zito jeusi limefungwa vifungo vyote, na jua lilikuwa kali nje. Alikuja moja kwa moja upande wa dirisha la Nyambura, mkono mmoja umeingia ndani ya koti. Sikufikiri. Niliwapita watu, wakanitukana, nikaenda nikasimama kati yake na kioo, uso kwa uso naye, mikono nimeitanua kidogo kama anayefukuza kuku.

Mzee akatoa mkono. Ulikuwa na bahasha ya sadaka ya kanisa.

"Mama," akasema kwa upole, "mbona unaniziba? Uko kwa laini ama hauko?"

"Niko," nikasema.

"Basi simama kwa laini."

Watu wakacheka. Nikarudi nyuma. Nyambura alikuwa ameganda na mhuri mkononi, ananitazama. Jioni hiyo hakuniongelesha hata neno, kwa sababu meneja alimuuliza kama yule mwanamke ana matatizo ya akili na yeye alilazimika kujibu kwamba ni dada yake.

Jumamosi mafundi wa Gurdip waliingia matawi yote na maji ya sabuni na vibao vya mpira vya kusukumia maji, na kufikia jioni migongo yote ilikuwa imevaa plastiki. Niwaambie sasa ili msingoje: hakuna jambazi aliyewahi kuvamia kaunta ile. Kioo kile hakikupigwa na kitu chochote kigumu kuliko kidole cha mteja mwenye hasira. Kanti alitimiza aliyosema. Alikwenda benki mwenyewe na kueleza makosa yalikuwa ya nani, na Gurdip hakupoteza kazi, ingawa ilichukua muda kabla ya simu za kriketi kurudi. Na ile sheria inayowaudhi, kwamba tone la rangi lisizidi punje ya ndengu hata mkikosa shabaha mara ngapi, ilianza Jumatatu iliyofuata. Msiilegeze. Chombo chochote kinachogusa kitu kinachokipima kina uwezo wa kukisaidia, na mstari mzuri ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Jumapili, tumetoka kanisani, nilimwambia Nyambura. Nilikuwa nimeruhusiwa sasa. Alikuwa anamenya viazi, githeri ya mahindi na maharagwe iko jikoni inachemka, nami nikamweleza kuanzia pakiti ya sigara mpaka roli ya plastiki. Aliendelea kumenya. Nilijua atanigombeza kwa kumwacha aende kazini bila kumwambia, na majibu nilikuwa nimeyapanga tangu Ijumaa.

"Yule mzee wa koti," akasema mwishowe. "Ulidhani ana bunduki."

"Ee."

"Ukaenda ukasimama mbele yake."

"Ee."

Akaweka kisu chini. "Mimi nilikuwa na kioo, hata kama ni kibovu. Wewe ulikuwa na nini?"

Majibu yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa ya swali lingine. Nyambura akasukuma bakuli la viazi kando, akajifunika uso kwa aproni, akalia, na mimi nikalia, na githeri ikaungua.